Aliyemwacha Kashindi Kwanza

Nilimwahidi Mama Nabintu, mjane wa Kashindi wa Luberizi, kwamba kabla sijazikwa nitaeleza mbele ya watu ni nani aliyemwacha mume wake kwanza. Aliniomba hivyo akiwa kwenye kitanda cha wagonjwa, na hakuniomba kitu kingine chochote. Watoto wake wamekua wakisikia majirani wakinong'ona kwamba mama yao alimtelekeza baba yao siku ya kukimbia vita. Yeye hakuwahi kujitetea. Mimi niliyekuwa na la kusema nilinyamaza miaka mingi, nikijipa sababu moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa na sura nzuri. Leo natimiza ahadi hiyo, mwanangu, mbele yako na kikundi chenu cha wanaoacha pombe. Nivumilie nikienda polepole, maana hili si jambo ninaloweza kulisimulia kwa haraka.

Uhuru ulipofika nilikuwa kijana aliyetoka tu shule ya ualimu, nimevaa tai, nimejaa maneno makubwa kuhusu taifa na wajibu. Siku ile ya furaha watu wote wa Uvira, mji wetu wa kando ya ziwa, walikuwa barabarani, na mtu mmoja akanipa chupa. Nilikunywa kwa ajili ya nchi. Kesho yake nikanywa kwa ajili yangu mwenyewe, na tangu hapo sikuhitaji tena sababu. Haukupita mwaka wa pili kabla sijaanza kuingia darasani nikiwa nanuka kanyanga, ile pombe kali ya kuchemshwa, huku nikiwafundisha watoto wa watu kuhusu usafi wa moyo.

Siku moja ya soko nilianguka katika njia ya ng'ombe, nje kidogo ya mji. Kashindi ndiye aliyenikuta. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Luberizi, na kila Alhamisi aliteremka Uvira juu ya kamiyo, lori la mchele, akipakia na kupakua magunia. Aliniinua, akaninawisha uso kwa maji ya mfereji, akanilaza kati ya magunia yake hadi nilipopata fahamu. Yeye mwenyewe alikuwa mlevi wa muda mrefu aliyekuwa akijaribu kuacha. Baadaye alipenda kuwasimulia wenzetu kwamba alinikuta nikimgombeza ng'ombe kwa Kifaransa. "Na ule ng'ombe alimusikiliza vizuri," alikuwa akisema, "kupita batoto ba ku masomo." Watu walicheka, nami nilijifunza kucheka pamoja nao. Kucheka huko kulinitibu zaidi ya hotuba zote nilizojihutubia mwenyewe.

Ndipo tukaanza kuketi. Tulikuwa wawili, kisha watatu, na mwisho tukafika kumi na mmoja. Mahali petu palikuwa baraza ya Mzee Ramazani, fundi cherehani, mmoja wa Waislamu ambao babu zao walikuja Uvira zamani kwa biashara ya ziwani wakabaki. Huyu mzee alikuwa amekunywa kwa siri zaidi ya miaka ishirini. Kanyanga yake aliiweka ndani ya birika la chai, akaimimina katika kikombe kidogo mbele ya wateja, akiipuliza kana kwamba ni ya moto. Alipoacha, alilisugua birika lilelile akaanza kulichemshia chai ya tangawizi, na hiyo ndiyo tuliyokunywa kila Alhamisi baada ya saa sita, tumekaa juu ya mkeka mmoja. Kila mtu alisema ni siku gani alikunywa mara ya mwisho, na ni kitu gani kilimsumbua wiki hiyo. Kisha akapewa kikombe. Hatukuwa na jambo jingine.

Usidhani kwamba tulikuwa na fikira moja. Mzee Sebagabo, mfugaji aliyeshuka kutoka milima ya juu, Mprotestanti wa kusali sana, alishikilia kwamba ulevi ni dhambi na dawa yake ni toba. Mzee Ramazani alisema kwamba alijua tangu utoto kuwa pombe ni haramu, na kujua huko hakukumzuia hata siku moja. Kashindi alisema ulevi ni kama homa ya bondeni: inapoa, unadhani imekwisha, kumbe inakungoja msimu wa mvua. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mara nyingine Sebagabo alisimama kwa hasira akaondoka na fimbo yake, na Alhamisi iliyofuata akarudi akakaa palepale, bila mtu kumwomba maelezo.

Mimi, mwanangu, sikupenda hali hiyo. Niliiona kuwa fujo. Nilikuwa nimesoma, nikaamini kwamba chama chema ni kile chenye fikira moja, iliyoandikwa vizuri. Na hizo ndizo zilikuwa nyakati zenyewe. Katika kila njia kuu ya mji mtu aliulizwa ni wa chama gani, ana kadi gani, na jirani aliyekuwa rafiki mwezi uliopita aligeuka adui kwa sababu ya jibu lake. Nililaani jambo hilo mbele ya wanafunzi wangu. Kisha nikaenda barazani kwa Mzee Ramazani na daftari jipya, nikaandika orodha ya majina yetu na kanuni saba. Kanuni ya nne ilisema kwamba mwanachama hatagusa pombe kwa mkono wala kwa mdomo, kwa sababu yoyote ile. Wenzangu waliikubali. Wengi wao hawakujua kusoma, nao walinitegemea.

Mwaka wa nne tangu uhuru uasi ulifika katika bonde letu. Mdogo wake Kashindi aliuawa barabarani karibu na Kiringye, na hakuna aliyejua kwa hakika ni mkono wa nani. Ikawa kilio cha uchungu na cha mashaka pia, kwa maana siku zile kila kifo kilitafutiwa msaliti. Nawe unajua desturi ya kwetu, au labda hujui tena, kwa hiyo nitaieleza. Wanaume wa ukoo huketi kuuzunguka mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, nao huinama mmoja baada ya mwingine kwenye mrija uleule. Anayeinama anasema kwamba kifo hiki ni chake pia. Anayekataa ameutenga mkono wake na ukoo, na siku zile aliyejitenga aliweza kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeonyesha njia kwa wauaji.

Alhamisi iliyofuata Kashindi alikuja barazani akiwa amenyoa nywele kwa msiba. Hakungoja zamu yake. Alisema kwa sauti ndogo, akiutazama mkeka.

"Bandugu, nataka kusema minye mwenyewe, mbele mutu mwingine aseme. Ku kilio ya mdogo wangu niliweka mdomo ku mrija. Sikuvuta. Sikumeza. Baba mkubwa alikuwa ananiangalia, na batu bote."

Hapakuwa na mtu Uvira aliyejua jambo hilo. Angaliweza kunyamaza, akanywa chai yake, akarudi Luberizi. Lakini mimi nililifungua daftari. Nikamuuliza kama anaweza kuapa kwamba hakuna hata tone lililopita kooni.

"Tone, naapa," akasema. "Lakini harufu iliingia, mwalimu. Harufu siwezi kuiapia."

Mtu mwongo asingalijibu hivyo. Nakiri kwamba nililiona hilo hata wakati ule, nikaliweka kando. Nilisema kwa maneno yaliyopangwa vizuri kwamba kanuni ni kanuni, kwamba kikundi kinachomsamehe mmoja kinawaua kumi, kwamba nchi yetu inaharibika kwa sababu kila mtu anataka awe na udhuru wake. Sebagabo alitikisa kichwa kuniunga mkono. Mzee Ramazani, ambaye kwa imani yake hakuruhusu hata sufuria iliyopikiwa pombe kuingia nyumbani mwake, aliiweka sindano chini.

"Mwalimu, mimi sikubaliani na Kashindi," akasema. "Ningekuwa mimi, ningekaa mbali na mtungi ule, hata ukoo unitenge. Lakini mimi sina ukoo Luberizi. Huyu amekaa nasi mkekani hapa miaka miwili, na kila akitoka hapa hukaa wiki nzima bila kunywa. Ukimwondoa, wiki hiyo atakaa na nani?"

Nikamjibu kwamba hilo si swali la kanuni. Nikaomba mikono inyooshwe. Sita walisema aondoke, nami nikiwa mmoja wao, wanne walikataa. Nilichukua daftari nikalifuta jina la Kashindi mbele ya macho yake. Nilitumia rula, mwanangu, ili mstari unyooke. Siku hiyo hakupewa kikombe. Alibaki amekaa kidogo, mikono juu ya magoti, kisha akaaga kila mtu kwa zamu yake, mimi pia, akaenda kulisubiri kamiyo.

Wiki iliyofuata alirudi. Hakupanda barazani. Alikaa kwenye ngazi ya chini, mgongo kwetu, uso barabarani, mahali ambapo sauti zetu zilimfikia. Nilipomwambia kwamba mkutano ni wa wanachama, hakugeuka. "Endelea na masomo, mwalimu," akasema. "Minye nasikilizia inje." Wengine walicheka, nami nikaona nadharauliwa. Mzee Ramazani alimimina chai akampelekea pale ngazini. Nikasimama. Nikatangaza kwamba asiyeheshimu uamuzi wa wengi hawezi kuongoza kikundi, nikaondoka, na watano waliopiga kura pamoja nami wakanifuata hadi darasani kwangu. Hapo tukaanza kikundi chetu kipya, safi, chenye fikira moja. Sitasahau jinsi kilivyokuwa kimya. Kila mtu alisema anaendelea vizuri. Hapakuwa na aliyethubutu kusema vinginevyo mbele ya daftari.

Vita vilipoukaribia mji, makamiyo ya mchele yalikoma, na Kashindi hakuonekana tena ngazini. Siku moja, Jumatatu saa ya mapumziko, niliitwa nje ya darasa nikamkuta mwanamke amesimama kwenye jua, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa Nabintu. Alitembea kutoka Luberizi siku mbili, akipita kizuizi baada ya kizuizi, akiwaeleza wenye bunduki kwamba anakwenda kuonana na mwalimu. Mumewe alikuwa hajanywa bado, alisema, lakini alikuwa halali wala hali, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kama zamani.

"Anasema kama bandugu wamemufuta, basi iko mutu bure," aliniambia. "Andika karatasi moja tu, mwalimu. Sema iko ndugu yenu. Katekista atamusomea. Hata mistari miwili."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimwonea huruma, naye aliiona huruma hiyo. Lakini nilijiambia kwamba mtu mwenye msimamo hawezi kugeuza peke yake uamuzi wa pamoja kwa sababu ya machozi ya mke. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wazazi wa wanafunzi, kwamba jambo hilo litapelekwa mbele ya komite, yaani kamati ya kikundi chetu, na komite itaketi Alhamisi. Nikampa maji ya kunywa. Nikamshauri apumzike kwa majirani hadi siku hiyo, kisha arudi na jibu.

Alishika kikombe cha maji bila kunywa. "Hapana, mwalimu," akasema. "Siku tatu ni nyingi. Siwezi kumuacha peke yake siku tatu."

Akaondoka saa ileile, kwa njia aliyojia. Nami nikarudi darasani kuendelea na somo.

Alhamisi hiyo milio ya bunduki ilifika Uvira tangu asubuhi. Kila mtu alikimbia alivyoweza, na mimi nikajikuta ndani ya mtumbwi mmoja na Mzee Ramazani, tukivuka kwenda upande wa Burundi, hatusemezani. Tulipewa mahali pa kukaa pamoja na wakimbizi wengine. Baada ya majuma kadhaa Nabintu alitukuta hapo, na watoto wake wanne. Alitusimulia akiwa amesimama. Alikataa kukaa.

Alipofika nyumbani kutoka kwangu alimkuta Kashindi ameshakunywa. Jirani alimpa, kwa kumhurumia. Alikunywa siku hiyo na siku zilizofuata, hadi asubuhi ambayo watu wa Luberizi waliamua kukimbilia mto Ruzizi, maana milio ilikuwa ikisikika kutoka upande wa Lubarika. Alikuwa amelala kando ya majaruba ya mpunga, hawezi kusimama. Nabintu na binti yake mkubwa walijaribu kumwinua mara tatu, na mara tatu walianguka pamoja naye matopeni. Majirani walikuwa wameshatangulia. Ndipo akafumbua macho, akasema kwa sauti safi kama ya mtu mwenye akili timamu: "Nabintu, vusha batoto. Minye nakuja." Akavuka na watoto. Siku ya tano alirudi peke yake kumtafuta. Wazee wachache waliobaki walikuwa wameshamzika palepale kando ya majaruba, haraka, bila kilio, bila mtungi, bila mtu yeyote wa ukoo wake.

Alipomaliza kusimulia alinigeukia mimi. Hakupandisha sauti.

"Alhamisi ile, mwalimu, mliketi?"

Nikamjibu kwamba hatukuketi.

Siku hiyo nilitoka nikaenda kutafuta kanyanga, nikaipata, kwa maana kila mahali penye watu waliopoteza kila kitu haikosekani. Nilikunywa siku mbili. Siku ya tatu, mchana, Mzee Ramazani alinikuta nimekaa nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu, shati langu limechafuka. Hakuniuliza nilikunywa kiasi gani. Hakuniuliza kanuni ya nne inasema nini, ingawa alikuwa na haki yote ya kuniuliza. Aliniambia kwamba ni Alhamisi, na kwamba Sebagabo, aliyevuka ziwa baada yetu, ameshafika, anatusubiri. Akanisaidia kusimama. Njiani ndipo aliposema neno la pekee alilonikemea nalo, na nimeishi nalo hadi uzee huu.

"Mwalimu, ulidhani tuliketi pamoja kwa sababu tulikubaliana? Hatukukubaliana hata Alhamisi moja. Kila mmoja wetu alikuwa anaogopa kukaa peke yake."

Tulikuwa watatu tu chini ya turubai, na chai haikuwa na sukari. Nilisema kwamba mara ya mwisho nilikunywa ni jana. Sebagabo, ambaye bado aliamini kwamba ni dhambi, alilia kwa ajili yangu, kisha akanipa kikombe. Hapakuwa na mtu wa kumpa Kashindi chake.

Sasa nikwambie ninachokijua, mwanangu, wala usidhani kwamba nakwambia kanuni hazina maana. Mpaka leo siamini kwamba Kashindi alifanya vema kuinama juu ya mrija ule. Nina fikira yangu, na ningeitetea leo kama nilivyoitetea wakati ule. Kosa langu halikuwa katika fikira hiyo. Nilikosea nilipomfanya ndugu yangu aichague fikira hiyo kwanza ndipo apate mahali pa kukaa. Mlevi anayejaribu kuacha anaweza kubishana nanyi mwaka mzima kuhusu Mungu, kuhusu homa, kuhusu mrija wa msiba, na bado mwaka huo wote asinywe, ilimradi ana mkeka wa kurudia. Mwenye kuja mwenyewe kusema alilotenda amefanya kazi ngumu kuliko kazi zote za kikundi chenu. Mkimwadhibu kwa kusema, mtakuwa mmewafundisha wengine wote kunyamaza, nao watanyamaza vizuri sana, hadi mtakapowazika.

Na wewe kijana uliyesoma, unayependa haki, unayeandika kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko mzuri, nakuambia wewe zaidi kuliko wengine kwa sababu nilikuwa wewe. Utaratibu ni mzuri pale unapomlinda mtu. Ukijikuta umeshika kalamu, na mtu amesimama mbele yako kwenye jua akikuomba mistari miwili, na wewe unatafuta jina la kikao kitakachoamua, basi jua kwamba tayari umeamua.

Nabintu hakumwacha mume wake. Alivusha watoto wanne kama alivyoagizwa na baba yao, akarudi kumtafuta. Mimi ndiye niliyemwacha Kashindi kwanza, mchana, mbele ya mashahidi, na rula mkononi.

Mungu awajalie kikao kisichokosa mtu, mwanangu. Awape ubishi usiowatenganisha, na chai ya kutosha hata kwa yule mnayemwona amekosea. Awalinde mnaoanza leo siku yenu ya kwanza, na awasamehe wazee wenu.

Nakuomba jambo moja tu. Kama katika kikundi chenu kuna mtu ambaye jina lake mmelifuta, nenda kwake leo, kwa miguu yako mwenyewe, kabla komite haijaketi, ukamuulize ameamkaje.